Madaraja Yaliyovunjwa Mwaka 1916 na Wapagazi wa Nchi za Mpakani

Tarehe 4 Septemba 1916 mji wa Dar es Salaam ulitiwa mikononi mwa Waingereza. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuhama, na majeshi yaliyoingia hayakukuta mapigano ya kuutetea. Bandari ilikuwapo, stesheni ilikuwapo, na reli ilikuwapo pia, imelala juu ya mataruma yake kuelekea bara. Lakini garimoshi halikuweza kwenda mbali. Katika njia yote ya kufika Morogoro na kupita mpaka Dodoma, makumi ya madaraja yalikuwa chini: mengine madogo ya kuvukia vijito vya masika, mengine makubwa ya vyuma, na kubwa kupita yote ya upande ule ni daraja la mto Ruvu. Mshindi alikuwa amepata njia ya chuma isiyopitika.

Habari hii ilitokea mbali na Busia na Tororo, nayo katika vitabu vingi vya vita huandikwa kama habari ya majemadari tu. Hata hivyo hapana vita vilivyochukua watu wengi zaidi kutoka nchi hizi za mpakani kuliko vita vile, na wengi wao hawakuchukuliwa ili wapige bunduki. Walichukuliwa wabebe mizigo. Mwenye kutaka kujua kwa nini walihitajiwa watu wengi kiasi kile, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na reli mbili kubwa, hana budi kwanza atazame yaliyoyapata madaraja.

Reli ya Kati ya Wajerumani ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Mwaka ule ule vilizuka vita vya Maji Maji, kazi ikapata mashaka, lakini mwaka 1907 garimoshi lilifika Morogoro. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na mwanzoni mwa mwaka 1914 ikafika Kigoma katika pwani ya ziwa Tanganyika, safari ya kilometa zipatazo 1,250 kutoka baharini. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeandaa maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1914 ili kuishangilia kazi hiyo. Mwezi huo huo vita vilianza Ulaya, na maonyesho hayakufanywa. Basi reli iliyogharimu jasho la maelfu ya watu ilitumika kwa amani, kutoka mwisho mmoja hata mwisho wa pili, kwa miezi michache tu.

Inafaa kueleza kidogo jinsi daraja la chuma la aina ile lilivyokuwa, maana mtu aliyezoea madaraja ya zege ya siku hizi huenda asilifahamu. Halikuwa chuma kimoja kizito kilicholazwa juu ya mto. Lilikuwa vyuma vingi vyembamba, vilivyofungwa kwa ribiti vikafanya pembetatu moja baada ya nyingine. Vile vya juu hubanwa na uzito wa gari, vile vya chini huvutwa, na vile vya mshazari huugawa mzigo na kuupeleka kwenye nguzo za mawe zilizo kingoni. Nguvu yake yote imo katika kufungamana. Kwa sababu hiyo adui hana haja ya kuliharibu lote. Akitia baruti mahali pa kiungo kikubwa, au penye nguzo ambayo ncha ya daraja imeegemea, uzito wa daraja lenyewe humalizia kazi. Ncha moja huanguka mtoni na ncha ya pili hubaki imening'inia ukingoni.

Lakini daraja la namna hiyo likianguka halipotei. Chuma kimepinda, hakikuungua. Mafundi wa reli waijua kazi ya kulinyanyua: hupanga mataruma na magogo tabaka juu ya tabaka, kama mtu apangavyo kuni, wakajenga nguzo ya muda chini ya ncha iliyoanguka, huweka jeki, huinua kidogo, huongeza tabaka, huinua tena. Ni kazi ya subira. Pale ambapo vyuma havifai tena, huvutwa kando, na magogo yaliyokatwa porini hulazwa mahali pake mpaka vitakapofika vyuma vipya kwa meli.

Mambo ya kuvunja madaraja hayakuanzia reli ya Kati, wala hayakuwa ya upande mmoja. Tangu mwaka 1915 vikosi vidogo vya Wajerumani vilikuwa vikivuka nyika kutoka upande wa Taveta na Kasigau na kutega baruti katika reli ya Uganda, ile ile iliyotoka Mombasa hata Kisumu. Garimoshi zilipinduliwa mara nyingi, na madaraja yakadhuriwa. Waingereza nao walikuwa wakijenga reli ya vita kutoka Voi kwenda Maktau na Taveta, wakitumia mafundi wa vikosi vya reli vilivyoletwa kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Machi 1916 Jemadari Smuts aliposukuma majeshi yake kupita Moshi, Wajerumani walirudi nyuma wakavuka mto Pangani penye Kahe, na walipokwisha kuvuka wakalilipua daraja la reli nyuma yao.

Kahe ile ile kulikuwa na mzinga mkubwa wa baharini. Ulikuwa wa manowari Königsberg, iliyozamishwa katika mdomo wa Rufiji mwezi wa Julai 1915, na ambayo Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 kutoka majini, wakaipa magurudumu na kuivuta barani. Si vibaya msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa katika vita vile watu wa pande zote mbili waliokota vyuma vilivyokwisha kuanguka na kuvitia kazini tena. Meli Graf von Götzen nayo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, baada ya mitambo yake kupakwa mafuta mazito isile kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi ziwani kwa jina la Liemba, ikachukua abiria kwa miaka mingi sana baadaye.

Katika miezi ya kiangazi ya mwaka 1916 majeshi ya Smuts yaliifikia reli ya Kati. Dodoma ilitwaliwa mwishoni mwa Julai, Kilosa na Morogoro zikafuata mwezi wa Agosti, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Von Lettow-Vorbeck, aliyeyaongoza majeshi ya Kijerumani, hakutaka kufungiwa katika reli. Alikuwa amekata shauri kwenda kusini, Uluguru na Rufiji, mahali pasipo njia. Kwa hiyo reli haikuwa na faida tena kwake, na alichotaka ni kwamba isiwe na faida kwa adui. Madaraja yakalipuliwa moja moja. Injini na mabehewa ambayo hayakuweza kuchukuliwa yalisukumwa yakatumbukia katika makorongo, hata pengine daraja na gari vilikuwa fungu moja la vyuma chini ya bonde.

Jeshi la Smuts lilikuwa limekwenda mbio kupita chakula chake. Askari wa van Deventer huko Dodoma na Iringa, na wengine kusini ya Morogoro, walikuwa wakila nusu posho au chini ya nusu. Kungoja madaraja yatengenezwe sawasawa, yaweze kuchukua injini nzito, kungechukua miezi mingi. Hapo ndipo mapayonia wa Afrika ya Kusini walipotumia akili ambayo Smuts mwenyewe aliisifu katika taarifa yake kwa serikali. Hawakuyatengeneza madaraja kwa ajili ya injini. Waliyatengeneza kwa miti na vitu vilivyopatikana papo hapo, yaweze kuchukua uzito wa tani 6 tu. Kisha wakatwaa magari makubwa ya mafuta, wakayavua magurudumu ya mpira, wakayatia magurudumu ya reli na kuyapunguza upana yaenee juu ya vyuma. Gari moja la namna hiyo, pamoja na behewa lake la nyuma, liliweza kuvuta kati ya tani 10 na 15, uzito ukigawanyika ili daraja lisilemewe mahali pamoja. Njia ya kutoka Morogoro hata Dodoma ilifunguliwa kwa ufundi huo, na kwa miezi mingi van Deventer alilishwa kwayo.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, nayo yafaa ifanywe. Mpagazi mmoja alipewa mzigo wa ratli 50 au karibu na hapo. Tani 10 ni ratli 22,400. Basi gari moja lililopita juu ya daraja la magogo lilichukua mzigo wa vichwa 448. Tena gari halili unga. Mpagazi alihitaji yapata ratli 2 za chakula kila siku, na mahali pasipo ghala wala soko chakula hicho kilitoka katika mizigo ile ile. Akiwa amebeba unga, akaenda siku 12 na kurudi siku 12, amekula ratli 48 katika ratli 50 zake. Anayefikishiwa chakula hupata ratli 2. Maofisa wa wakati ule waliijua hesabu hiyo vizuri sana, na dawa waliyoiona ni kuongeza wapagazi.

Lingekuwa kosa kusema kwamba madaraja peke yake ndiyo yaliyowatia watu mizigo vichwani. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ajili ya mbung'o. Mvua za mwanzo wa mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno, Rufiji ukafurika, magari yakazama matopeni. Na vita vilipohamia Kilwa na Lindi hapakuwa tena na reli kuu ya kutengenezwa wala ya kuvunjwa. Lakini mwanzo wa mambo ulikuwa pale reli ilipokatika. Tangu siku hizo majeshi yaliacha kuhesabu mabehewa yakahesabu vichwa, na yaliendelea kuhesabu hivyo mpaka mwisho wa vita.

Vichwa hivyo vilitoka wapi? Vilitoka mahali pengi, Nyasa na Ukamba na Unyamwezi na kwingineko, lakini nchi zilizozunguka pande za kaskazini na mashariki za ziwa Viktoria zilitoa fungu kubwa. Busia ya upande wa Kenya ilikuwa wakati huo katika wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Mumias. Tororo ilikuwa katika Bukedi, chini ya serikali ya Uganda. Mpaka wenyewe ulikuwa mchanga. Mumias na Kisumu zilikuwa za Uganda hata mwaka 1902, jimbo la mashariki la Uganda lilipohamishiwa katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya. Watu wa pande mbili waliendelea kuoana na kufanya biashara, na walipoitwa vitani waliitwa na serikali mbili kwa kazi moja.

Mumias ulikuwa mji uliojua habari za mizigo. Misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika huko kwa Nabongo Mumia kabla ya kuingia Uganda, na kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu vilipata makao katika nchi ile zamani kabla ya garimoshi. Reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, kazi ya misafara ilikwisha karibu mara moja. Moja katika sifa kubwa ambazo Waingereza walijisifia kwa reli ya Uganda ni kwamba imemtua mwanadamu mzigo. Na kwa kweli ilimtua. Lakini mtu aliyekuwa kijana mwaka 1901, akaona misafara ikikoma, alikuwa bado hajazeeka mwaka 1917 alipomwona mwanawe akiandikwa kwa kazi ile ile, kwenda mbali zaidi kuliko msafara wowote uliopita Mumias.

Uganda ilianza kutoa watu mapema. Mwaka 1916, Wabelgiji walipokuwa wakijiandaa kuteremka kutoka Kivu na Ruanda kwenda Tabora, hawakuwa na wapagazi wa kutosha, na serikali ya Uganda ikawakusanyia watu zaidi ya 8,000. Kikosi hicho kiliitwa Carbel. Walikwenda na jeshi la Wabelgiji hata Tabora, penye reli ile ile iliyokatwa madaraja upande wa mashariki. Zaidi ya 1,000 katika hao walikufa, wengi kwa maradhi.

Upande wa Kenya mambo yalikuwa makubwa zaidi mwaka 1917. Mwezi wa Machi John Ainsworth, aliyekuwa amekaa miaka mingi akitawala jimbo la Nyanza, alipewa kazi ya kusimamia mkusanyo mkuu wa watu. Machifu walipewa hesabu, nao wakawapa wanyapara wao hesabu. Katika miezi michache zaidi ya watu 120,000 waliandikwa katika nchi nzima. Ujira ulikuwa umekwisha kushushwa hata ukawa rupia 5 kwa mwezi, ili, ilisemekana, usizidi sana ujira wa mashambani. Mkuu wa kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, aliyekijua Kiswahili vizuri, alishindana mara nyingi na wakubwa wa jeshi juu ya mablanketi, chakula na mizigo mizito. Pengine alisikilizwa. Mara nyingi alisikilizwa baada ya watu kufa.

Waliotoka Busia, Samia, Bunyala na Marachi walikwenda kwa miguu hata Kisumu. Hapo wakapanda mabehewa, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kupanda garimoshi. Kutoka Kisumu reli hupanda milima ya Mau, na katika sehemu hiyo walivuka madaraja 27 marefu ya chuma, yaliyosimama juu ya miguu mirefu katika makorongo. Vyuma vyake vilitengenezwa Marekani na kuletwa kwa meli hata Mombasa, na kampuni ya Kimarekani iitwayo American Bridge Company iliyasimamisha mwaka 1900 na 1901. Yalikuwa madaraja imara. Wale watu walipitishwa juu yake salama, bila kubeba chochote, ili wapelekwe mahali ambako madaraja yalikuwa yameanguka.

Makao yao makubwa yalikuwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, halikukaa vizuri katika ulimi wa Mswahili, likawa Kariakoo, na mahali palipokuwa na kambi yao Dar es Salaam na Nairobi paliitwa jina hilo. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam lajulikana Afrika ya Mashariki yote. Wengi wanunuao na kuuza pale hawajui kwamba palikuwa mahali pa watu kungojea mizigo yao.

Risasi iliwaua wachache kwa kulinganisha. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu, na malaria. Watu waliozoea mtama, wimbi, muhogo na ndizi walipewa unga wa mahindi wenye makapi, usiochekechwa, na walipofika kambini usiku katika mvua hapakuwa na kuni kavu wala muda wa kuupika ukaiva. Unga mbichi uliwakata matumbo. Mwaka 1917 Uganda ilitoa kikosi cha uuguzi cha vijana wa Kiafrika chini ya Meja Keane, ambacho kiliokoa maisha ya wengi katika hospitali za vita, na sifa yake yastahili kutajwa kuliko inavyotajwa. Hata hivyo, hesabu ya waliokufa ilikuwa kubwa mno. Katika wapagazi wa nchi ya Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na katika wapagazi wote wa upande wa Waingereza wanakaribia 100,000 kwa hesabu zilizoandikwa, ambazo hazikuwaandika wote.

Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, vyuma vilitengenezwa upesi kuliko watu. Reli ya Kati ikapata tena madaraja ya kuchukua injini, na Tanganyika ikaendelea nayo. Reli ya Voi iliyojengwa kwa haraka ya vita ilikuwa imeunganishwa na reli ya Tanga, na mizigo ya Kilimanjaro ikapata njia mbili za kufika baharini. Kisha ikaja zamu ya nchi za mpakani. Katika miaka ya 1920 reli mpya ilitoka Nakuru, ikapita Eldoret, ikavuka mpaka na kufika Tororo. Kutoka hapo tawi moja likaenda Mbale na Soroti kuchukua pamba, na njia kuu ikaelekea Busoga. Mwaka 1931 daraja la chuma la kuvukia Nile penye Jinja lilifunguliwa, na tangu hapo gari liliweza kutoka Mombasa hata Kampala bila mzigo kushushwa ziwani. Tororo, mahali palipokuwa pa mwamba na mashamba, pakawa njiapanda ya reli. Katika watu wa makamo waliokuja stesheni kulitazama gari la kwanza wamo, bila shaka, waliokwisha kuona reli nyingine mbali kusini, na kujua ilivyo njia ya chuma ikikosa daraja.

Lililobaki ni habari ya ujira. Jeshi liliandika jina la mpagazi, la chifu wake, na namba. Majina ya Kiluhya, Kiteso na Kijaluo yaliandikwa na makarani wasiozijua lugha hizo, watu wenye majina ya kufanana walichanganywa, na wengine walikufa njiani bila karani kuwaona. Hivyo ulibaki mshahara mwingi wa wapagazi waliokufa au wasiojulikana walipo, ambao haukupata mwenyewe. Baada ya vita maofisa wengine, Watkins miongoni mwao, walitaka fedha hizo zitolewe kwa jamaa zao, au ikiwa jamaa hawapatikani zitumiwe kwa faida ya nchi walizotoka. Barua zilikwenda na kurudi kati ya Afrika ya Mashariki na London kwa miaka. Mwisho wake serikali ya Uingereza ilikataa.

Katika nyumba ya Kiislamu jambo hilo lilikuwa na uzito wa namna yake. Mtu aliyekwenda asirudi, wala isije habari ya kifo chake, ni mtu aliyepotea, na sheria haimhesabu kuwa maiti kwa kudhani tu. Mkewe hajui aanze eda lini. Mali yake haiwezi kurithiwa, na ile iliyobaki katika daftari za serikali, rupia 5 kwa kila mwezi aliobeba, ilikuwa sehemu ya mirathi hiyo. Mashekhe na makadhi wa zama zile ndio walioletewa mashauri ya namna hiyo, bila karatasi mkononi, wakategemea ushahidi wa mwenzake mtu aliyerudi: kwamba alimwona fulani ameanguka njiani, siku ya mvua, ng'ambo ya mto fulani, na kwamba msafara haukusimama.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi inaonyesha mpagazi pamoja na askari. Makaburi ya wapagazi wenyewe hayakuandikwa majina, ilhali maofisa na askari wa Kizungu waliandikiwa kila mmoja jiwe lake. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi, na kazi ya kuyatafuta majina katika daftari za zamani ikaanzwa.